Maswali ya Wasomaji: Majina ya Kuandika kwenye Ubao wa Shule

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, nalo ni namna shule za wasichana zinavyowakumbuka na kuwaenzi wanawake waliosoma humo wakaja kupata sifa. Tumezichapisha pamoja baada ya kuzifupisha na kuondoa majina ya waandishi na ya shule zao.

Barua ya kwanza

Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa siku ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambayo ni ya bweni na ya wasichana watupu. Tumekubaliana kutengeneza ubao wa mninga wenye majina kumi ya waliotutangulia na kufanikiwa, uzinduliwe na mgeni rasmi na kutundikwa ukumbini. Tumekaa vikao vinne na hatujapata majina hata sita. Baadhi ya wajumbe wanataka mawaziri na wabunge peke yao. Wengine wanamtaja mama mmoja mwenye shahada ya uzamivu ambaye inasemekana alisoma kwetu, ingawa hakuna aliyewahi kumwona humo. Tena yuko dada mwenye biashara kubwa, aliyetuchangia saruji na mabati ya bweni jipya, lakini jina lake limekataliwa kwa sababu aliondoka kidato cha tatu akiwa mjamzito. Tufanyeje?
*Katibu wa Kamati, Iringa*

Jibu

Dada Katibu, nadhani mnagombania majina kwa sababu hamjasema bado ubao huo utamfanyia nini msichana atakayepita chini yake kila siku akienda kwenye paredi. Ubao wenye majina na vyeo unamwambia kwamba wapo wakubwa waliowahi kulala katika bweni analolala yeye. Hilo lina thamani yake, lakini bado hajui walitokaje humo wakafika huko. Mimi ningepunguza majina na kuongeza maneno. Kila jina lipate sentensi tatu au nne zinazoeleza mhusika alitoka wapi, alikuwa shuleni miaka gani, alipata nini pale ambacho asingekipata nyumbani, na alikwenda kufanya nini baadaye.

Chukua mfano wa Mama Gertrude Mongella. Ukiandika kwamba alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na kwamba mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, umesema kweli, na wengi wanamfahamu kwa jina la Mama Beijing. Lakini ukianza na Ukerewe, alikozaliwa mwaka 1945, ukaeleza kwamba aliondoka kisiwani akiwa na umri wa miaka 12 kwenda Morogoro kusoma kwa masista wa Maryknoll, hapo msomaji wako wa kidato cha kwanza atasimama asome. Kutoka Ukerewe hadi Morogoro kuna ziwa la kuvuka na nusu ya nchi ya kupita. Msichana aliyeshuka basi jana na tranka lake, ambaye bado analia usiku chini ya shuka, anaijua safari hiyo kuliko anavyoijua Beijing.

Mfano huohuo unafundisha jambo jingine kuhusu majina ya shule zenyewe. Masista wa Maryknoll waliiita shule yao Marian College, na leo tunaijua kwa jina la Kilakala. Vivyo hivyo Assumpta College ya Moshi ndiyo iliyokuja kuwa Weruweru. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilichukua shule nyingi za madhehebu na nyingine zikapewa majina mapya, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na cheti chenye jina ambalo halipo tena katika ramani yoyote. Kama shule yenu ina historia ya namna hiyo, andikeni majina yote mawili. Nimewahi kuona mtu akihusishwa na shule ya Marian iliyoko Bagamoyo, ambayo ni changa kwa umri kuliko watoto wake.

Kuhusu mama mwenye shahada ya uzamivu, msimwandike kwa “inasemekana”. Kama yu hai, mwandikieni barua, tena hilo ni suala la adabu pia, kwa kuwa hata aliyesoma kwenu kweli ana haki ya kukataa jina lake lisitundikwe. Kama ametangulia mbele ya haki, tafuteni rejesta ya uandikishaji, picha ya darasa, au watu wawili waliokaa naye dawati moja. Pasipo hayo, liacheni jina. Kosa la ubaoni linafutwa kwa kifutio, lakini la kwenye mninga litakuwa hapo siku wajukuu zake watakapokuja kuwauliza.

Mawaziri na wabunge waandikwe, kwani hakuna anayeona aibu kuwa na mtu kama Dkt. Asha-Rose Migiro, aliyesoma Weruweru, akawa mwanamke wa kwanza kushika wizara ya mambo ya nje ya Tanzania mwaka 2006 na kisha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Hatari ni kwamba vyeo vya siasa vinatangazwa redioni, kwa hiyo kamati inayotafuta majina kwa kumbukumbu za vichwa vyake itakutana navyo kwanza na kudhani imemaliza kazi. Aliyeongoza maabara ya wilaya kwa miaka 30 hatangazwi popote. Tena, kwa kuwa nimeigusa Weruweru, sijapata kuzungumza na mwanamke aliyesoma pale enzi hizo akamaliza dakika tano bila kumtaja mwalimu mkuu wao, Mama Maria Kamm. Yeye hakuwa mwanafunzi, na ubao wenu ni wa wanafunzi, lakini fikirini kama sentensi moja kuhusu aliyewafundisha haiwezi kupata nafasi chini ya kila jina.

Sasa nije kwa dada wa kidato cha tatu, kwa sababu nahisi hapo ndipo vikao vyenu vilipokwama. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mhitimu ni aliyekamilisha masomo na kupewa cheti, na kwa maana hiyo dada huyo si mhitimu wenu. Mwanafunzi wa zamani ni yeyote aliyeketi darasani mwenu, na kwa maana hiyo ni wenu kabisa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mnaandaa siku ya wanafunzi wa zamani. Hakuondoka kwa kushindwa masomo, aliondoka kwa sababu utaratibu wa wakati ule haukumpa nafasi ya kurudi. Utaratibu huo umebadilika, kwani Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi. Maana yake ni kwamba huenda katika madarasa yenu ya leo wamo wasichana walioacha watoto wachanga kwa bibi zao. Hao watausoma ubao wenu kwa makini kuliko wengine wote. Kamati iliyopokea saruji na mabati ya dada yule ikaona haya kuandika jina lake itakuwa na kazi ngumu ya kuwaeleza wasichana hao.

Na kwa nini majina yawe kumi? Kama mmehakikisha sita, andikeni sita, mbao iliyobaki iachwe wazi.

Barua ya pili

Mheshimiwa Mhariri, binti yangu wa darasa la nane aliandika insha kuhusu Profesa Wangari Maathai na kusema alisoma Limuru Girls. Mwalimu akasahihisha kwa kalamu nyekundu kwamba ni Loreto. Shangazi yake, ambaye ni mtu wa Nyeri, anasema wote wawili wamekosea, kwani Wangari ni wa Mtakatifu Sesilia, Mathari. Kisha mwalimu huyohuyo akaacha bila alama yoyote sentensi isemayo kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel. Tunaomba ututatulie, na utuambie ni shule gani hasa yenye haki ya kujivunia.
*Baba wa Mwanafunzi, Nakuru*

Jibu

Ndugu yangu, mwalimu alipatia kwenye Loreto na akapitiwa kwenye Nobel, na shangazi ana haki yake kwa sehemu. Twende polepole.

Limuru kuna shule mbili za wasichana ambazo watu wa mbali huzichanganya. Loreto ilianzishwa na masista wa Shirika la Loreto mwaka 1936, na hapo ndipo Wangari alipomaliza sekondari mwaka 1959. Limuru Girls ni nyingine, na wakati wa ukoloni ilikuwa ya wasichana wa Kizungu. Hiyo nayo ina mtu wake wa kutajwa, yaani Profesa Micere Githae Mugo, aliyetoka Alliance Girls akaingia pale kama mwanafunzi wa kwanza Mwafrika. Huyo alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akalazimika kukimbilia uhamishoni mwaka 1982, akafundisha Zimbabwe na Marekani, na akafariki mwaka 2023. Binti yako, kwa kukosea jina la shule, amegonga mlango wa jirani mwenye hadithi nzuri vilevile. Mpe pole, na mwambie aandike insha ya pili.

Shangazi naye hakukosea. Kabla ya Limuru, Wangari alikaa Mathari katika shule ya kati ya Mtakatifu Sesilia, alikopelekwa bweni akiwa na umri wa miaka 11. Na kabla ya Mathari ilikuwapo shule ya msingi ya Ihithe, ambayo shangazi ameisahau. Katika kumbukumbu za maisha yake, alizozichapisha mwaka 2006, Wangari anaeleza kwamba alikwenda Ihithe kwa sababu kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao swali la kitoto: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama alifikiri kidogo, akaona kweli hakuna sababu ya kumzuia. Kwa hiyo ukiniuliza nani hasa wa kujivunia, kabla ya shule yoyote nitamtaja kijana huyo aliyeuliza, na mama aliyeweza kumbakisha binti huyo nyumbani amsaidie kazi, lakini akamwachia aende.

Baada ya hapo kila shule ichukue fungu lake, na ichukue lote. Mathari ilimfundisha kusoma na kufikiri kwa nidhamu, na pale pale wanafunzi waliosikika wakisema lugha ya mama walivishwa beji ya kuwaaibisha, iliyokuwa ikihama kutoka kwa mmoja hadi mwingine siku nzima. Yeye mwenyewe aliliandika hilo, pamoja na namna lilivyowafundisha watoto kuidharau lugha yao. Shule inayotaka kumwadhimisha mtu kama huyo haiwezi kuchukua sifa za hesabu na Kiingereza, kisha ikaiacha beji ile kwenye droo. Loreto nayo ilimpa maabara. Alimkumbuka mwalimu wake wa sayansi, Mama Teresia, ambaye alimwacha amsaidie kuosha vyombo vya maabara baada ya vipindi, na huko ndiko mapenzi yake ya baiolojia yalikoota. Hii ndiyo namna ya kusimulia fungu la shule: mwalimu mmoja, sinki moja, msichana aliyebakia nyuma wenzake walipokwenda kula. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa Wakenya karibu 300 waliopelekwa Marekani kusoma, akapata shahada ya kwanza ya baiolojia huko Kansas mwaka 1964, akaendelea Pittsburgh, na mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Miche ya Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, ilianza kupandwa mwaka 1977, na mwaka 1989 akasimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, nalo halikujengwa. Maabara ya Limuru haikumfundisha kuikabili serikali, lakini aliikabili kama mwanasayansi anayejua anachosema kuhusu miti na maji.

Sasa sentensi iliyoponyoka kalamu nyekundu. Mwaka 2004 Wangari Maathai alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Neno “Amani” lisiachwe, kwani mwandishi Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alikwisha kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1991. Ninaomba kamati zote za shule zilichunge neno “wa kwanza” kama anavyochungwa mtoto karibu na moto. Ni tamu mdomoni, na kila mgeni rasmi hulipenda, lakini karibu kila mara linahitaji maneno mawili au matatu nyuma yake ili liwe kweli.

Neno moja zaidi, kwa sababu nimeona shule zikishindana. Majina mengi makubwa ya wanawake wa kizazi kile yanatoka katika shule chache, na wengine hudhani shule hizo zilikuwa na dawa fulani. Ukweli ni kwamba katika miaka ya 1950 milango ya sekondari iliyokuwa wazi kwa wasichana Waafrika ilikuwa ya kuhesabika, kwa hiyo aliyepita alipita humo au hakupita kabisa. Hata leo, hapa kwetu Tanzania, Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana ni shule za vipaji maalumu, yaani zinapokea wasichana waliokwisha kuchujwa kwa mtihani nchi nzima. Wakifaulu, tuwapongeze wao na walimu wao, lakini shule ya kata inayompokea kila aliyekuja na kumtoa hata muuguzi mmoja isijione haina la kutundika ukutani.

Barua ya tatu

Mhariri mpendwa, nimestaafu uuguzi na ninaishi na wajukuu. Nimepokea kadi ya mwaliko wa sherehe ya shule niliyosoma kati ya mwaka 1968 na 1971. Kadi inasema watatunukiwa “waliofanikiwa”. Ukumbini watakuwamo majaji na maprofesa niliokaa nao bweni moja, na mimi nilikuwa nesi wa zamu za usiku katika hospitali ya wilaya tangu nilipoajiriwa hadi nilipostaafu. Sina cha kuonyesha zaidi ya picha ya darasa letu, tuko wasichana 31. Ninafikiria kutuma nauli yangu iwe mchango, kisha nibaki nyumbani. Unaonaje?
*Bibi wa Wajukuu Sita, Songea*

Jibu

Mama, shikamoo. Naona uende, na mchango uutume mwezi mwingine.

Kadi yenyewe imeandikwa vibaya, na kosa hilo si lako. Aliyeiandika alitaka kusema “waliotunukiwa nishani”, akaandika “waliofanikiwa”, kana kwamba wengine wote mlipotelea njiani. Nakumbuka hapa habari za Grace Ogot wa Kenya, aliyesoma Ng'iya na Butere. Wasomaji wanamjua kwa hadithi zake, na wapiga kura walimjua bungeni, lakini kabla ya hayo alikuwa muuguzi na mkunga. Wanaoandika habari zake huipa kazi hiyo nusu ya mstari na kukimbilia vitabu. Najiuliza ni watu wangapi wanaotembea leo waliozaliwa mikononi mwake, na ni nani aliyewahesabu. Dkt. Margaret Ogola, aliyepitia Alliance Girls, anakumbukwa vivyo hivyo kwa riwaya yake ya kwanza iliyoshinda tuzo mwaka 1995 na kusomwa mashuleni kote Kenya, na mara chache kwa watoto wenye virusi vya UKIMWI aliowatibu katika makao aliyoyaongoza. Hao ni wanawake walioandika, kwa hiyo nusu mstari ule angalau wameupata. Wewe hukuandika, na zamu za usiku hazina mgeni rasmi.

Lakini kuna sababu nyingine ya wewe kwenda, nayo inaihusu shule zaidi yako. Ulikuwa humo kuanzia 1968 hadi 1971, yaani uliingia kabla ya Serikali kuchukua shule za madhehebu na ukatoka baada yake. Kama shule yenu ilikuwa miongoni mwa hizo, umeona kwa macho yako walimu walioondoka na walioletwa, sare ikibadilika au isibadilike, jina jipya likipakwa rangi getini. Majaji na maprofesa wanayajua hayo pia, ila wao wataitwa jukwaani kuzungumzia kazi zao, na muda wa risala utakwisha. Barua ya kwanza ya ukurasa huu imetoka kwa kamati inayohangaika kujua nani alisoma kwao na nani hakusoma. Nina hakika kamati ya shule yako ina tatizo hilohilo, na ninyi wenye picha ndio rejesta iliyobaki.

Kwa hiyo usiibebe picha hiyo kama ilivyo. Mwombe mjukuu mmoja aipige kwa simu kwanza, isije ikapotelea njiani. Kisha igeuze na uandike nyuma yake kwa penseli, kwani wino huvuja na kuharibu upande wa mbele. Anza na safu ya waliokaa, kutoka kushoto kwenda kulia, halafu waliosimama. Andika jina la utotoni, lile mliloitana bwenini, kwa kuwa wengi wamebadili majina kwa ndoa na rejesta haiwezi kuwatambua. Anayejulikana alikoishia, andika mji. Usiowakumbuka waachie nafasi, ukumbini watakuwamo wenzako wenye majina yao.